Mama Alikwenda Upande wa Mlima

Alhamisi jioni ua wetu ulinuka ubani. Mama Mwamini aliweka makaa kwenye kijungu cha udongo, akatupia punje chache, na moshi ukatoka kwake, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukaingia kwetu kupitia nyufa za mbao na kulala ndani ya mashuka yetu. Humo ulikutana na harufu ya sombe, majani ya muhogo, iliyochemka jikoni kwa Koko tangu adhuhuri. Siku ambazo upepo uliteremka kutoka kaskazini ulikutana na harufu ya tatu, kali, kama ya kiberiti kilichowashwa na kuzimwa hapo hapo. Hiyo ilitoka mlimani. Hata sasa mtu akichoma ubani karibu nami, pua yangu huzitafuta zile harufu nyingine mbili, na isipozipata najiona kama mtu aliyeitwa kwa nusu ya jina lake.

Tulikaa Majengo, kaskazini mwa Goma, katika uwanja mmoja wenye nyumba tatu za mbao. Nilipokuwa mdogo sana mlima Nyiragongo ulikuwa umeteremsha moto wake hadi mjini, na moto huo ulipopoa uliacha mawe meusi yenye matundu kama mkate. Watu walirudi, wakayavunja mawe, wakajenga juu yake. Kwa hiyo hatukuwa na udongo. Koko alinunua udongo kwa magunia ili apande vitunguu vyake kwenye ndoo zilizotoboka. Koko alikuwa mama mzazi wa mama yangu, mwanamke mfupi kutoka Butembo, Mkatoliki wa kuamka na rozari na kulala na rozari. Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Mwamini, mjane Mwislamu ambaye babu zake walitoka Kasongo, Maniema, wakifuata biashara. Yeye naye alikuwa na shanga zake, tasbihi ya mbao nyeusi, na jioni niliweza kukaa katikati ya ua na kuwaona wanawake wawili, kila mmoja mlangoni pake, vidole vikisogeza shanga na midomo ikicheza bila sauti. Nilidhani wanasema maneno yale yale. Nyumba ya tatu, ile ndogo ya nyuma, alikuwa amepanga Mama Nyiransaba, aliyekimbia vita kutoka Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Aliuza maharage. Hakuwa na shanga zozote, ila kila alipokunywa kitu alimwaga tone moja chini kwanza.

Mama yangu aliuza vikwembe, vitenge vya rangi, sokoni, na Papa aliendesha lori kati ya Goma na Bunagana, mpakani mwa Uganda, hivyo tulimwona kwa siku chache tu kila mwezi. Nilikuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi wakati habari ilipokuja kwamba dada mdogo wa mama ni mgonjwa huko Butembo. Mama alifunga mzigo mdogo, akavaa kikwembe chake cha manjano chenye ndege, akaniambia nisiwasumbue watu wazima, na kwamba Noeli itamkuta nyumbani. Nilimsindikiza na Koko hadi mahali magari yaliposimama. Barabara ya Butembo inatoka mjini kuelekea kaskazini, inapita chini kabisa ya mlima, na kwa kuwa Goma imeinama kuelekea ziwani niliweza kuliona lile basi likipanda polepole, likipungua, mpaka likaingia kwenye wingu lililofunika nyayo za Nyiragongo. Hiyo ndiyo picha yangu ya mwisho ya mama: basi jeupe likimezwa na mlima.

Yule dada alipona. Mama ndiye aliyeshikwa na homa, na homa hiyo haikumwachia. Habari ililetwa na simu ya jirani asubuhi moja tukinywa uji, na nakumbuka Koko alikishika kikombe chake kwa mikono yote miwili muda mrefu sana, kana kwamba mtu angempokonya. Kisha akauliza lini tunaweza kufika. Hatukuweza. Watu wenye bunduki walikuwa wameifunga barabara upande wa Rutshuru na hakuna dereva aliyethubutu, hata Papa aliyekwama Bunagana na lori lake. Walimzika bila sisi. Sisi tulikaa kilio chetu Goma bila maiti. Uani kiliwekwa kiti, juu ya kiti picha ya mama iliyopigwa siku ya ubatizo wangu, na wanawake wakakizunguka kile kiti na kulia. Mama Mwamini alipika kwa ajili ya watu wote. Mama Nyiransaba alikaa chini kwenye mawe, miguu ameinyoosha.

Mtoto aliyeona kaburi ana jibu, hata kama ni jibu baya. Mimi nilikuwa na kiti tu, na baada ya kilio kiti kilirudishwa mezani, tukakikalia tukila. Nilimuuliza Koko mama yuko wapi.

"Iko kwa Mungu," akasema.

"Kwa Mungu ni wapi?"

"Juu, mutoto yangu. Bikira Maria alimupokea."

Aliponijibu hakunitazama. Sasa naelewa kwamba yeye pia hakumzika binti yake, na kwamba lile neno "juu" lilimtoka kwa shida. Wakati ule niliona tu kwamba anaficha jambo.

Majira hayo mlima ulikuwa hai. Mchana haukuonekana, ulijifunika mawingu, lakini jua lilipozama tumbo la mawingu liligeuka jekundu, rangi ya kaa linalopulizwa. Watu wazima walikuwa wamezoea. Walitazama mara moja, wakasema "leo anapika," wakaendelea na shughuli zao. Jioni moja nilikuwa nikimsaidia Mama Nyiransaba kuchambua maharage, nikamuuliza ni nini kinachowaka mle. Alinijibu kama alivyojibiwa yeye utotoni, bila nia mbaya yoyote, mikono yake ikiendelea kutupa mawe madogo pembeni. Alisema wazee wa kwao walijua kwamba wafu hukaa milimani. Wale walioingizwa katika siri za mizimu wakati wa uhai wao hupanda Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote, wenye baridi na mvua ya mawe meupe, na huko hunywa na kucheza. Wale ambao hawakuingizwa hutupwa Nyiragongo. "Ndiyo ule moto unaona," akasema, akapeta ungo wake.

Nilimuuliza kama watu wa Butembo huingizwa katika siri hizo. Alicheka. "Wanande? Wale ni watu ya misa."

Hakuna mtu aliyejua kilichotokea ndani yangu kuanzia pale. Nililala na mgongo kwa dirisha. Sahani yangu niliirudisha jikoni nusu imejaa. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake kwa namna ya kutisha: mama alikwenda upande wa mlima, nilimwona kwa macho yangu akiingia kwenye wingu, hakurudi, Koko hataki kunitazama, na kila jioni moto unawaka. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliogopa wangekubali kwamba ni kweli. Nilichowaza ni jambo moja tu. Mama hakupenda joto. Sokoni alikaa daima upande wa kivuli, na nyumbani alikunywa maji kikombe kizima bila kupumua, kisha akashusha pumzi ndefu na kusema "asante, Yesu," kama mtu aliyefika kutoka safari.

Jumamosi Koko alikwenda parokiani kufua vitambaa vya altare pamoja na akina mama wenzake. Nilichukua kibidoni cha manjano ambacho nilikuwa natumwa nacho maji, nikakijaza kwenye pipa la mvua, nikatoka.

Barabara ilikuwa imejaa. Malori ya makaa yalishuka yakitoa moshi, wanawake walibeba mafungu ya sombe vichwani, na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na mnyororo, waliteremka kwa kasi na magunia ya viazi, mguu mmoja umekanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu kuwa breki. Mimi peke yangu nilipanda. Kibidoni kilikuwa chepesi mpaka mwisho wa Majengo, halafu kikawa kizito, halafu kikaanza kunikata vidole. Nilibadilisha mkono. Nilikibeba kifuani kama mtoto mchanga. Kijana mmoja wa chukudu aliyekuwa amesimama kufunga mzigo wake upya aliniita, "We mutoto, unapeleka maji wapi, huku juu hakuna watu?" Nikamjibu kwamba nampelekea mama. Akaona jibu linatosha.

Nilipita Munigi. Nyumba zikapungua, yakaja mashamba ya migomba yenye majani yaliyochafuka majivu. Na jambo nililokuwa silitarajii ni kwamba kadiri nilivyokaribia, mlima ulizidi kupotea. Kutoka nyumbani jioni niliuona wote. Hapa kulikuwa na mteremko tu, majani, wingu, na barabara inayoendelea. Sikujua tena mama yuko upande gani. Nilikaa juu ya jiwe jeusi kando ya njia, kibidoni katikati ya magoti, nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

Hapo ndipo waliponikuta. Koko alirudi nyumbani na kukuta sipo, akaenda mlango hadi mlango, na Mama Nyiransaba alipoambiwa kwamba pia kibidoni hakipo, aliketi chini na kusema, "Ni mimi." Walipanda wote watatu kwa miguu, na yule kijana wa chukudu akawaelekeza. Niliwaona wakitokea kwenye kona: Koko mbele, kilemba kimelegea, Mama Mwamini akishika ubavu wake kwa kukosa pumzi, na Mama Nyiransaba nyuma kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Nilingoja kofi. Koko alipiga magoti kwenye mawe na kunikumbatia kwa nguvu hadi kifuniko cha kibidoni kikaniumiza tumboni.

"Kavira, unaenda wapi na hii maji?"

"Kwa mama. Iko mule ndani ya moto. Hakuingizwa."

Koko aligeuka, na sijawahi kumwona vile kabla wala baada ya siku ile. "Unaona?" akamwambia Mama Nyiransaba. "Unaona ile mambo yako ya mashetani? Mutoto angekufa njiani! Mama yake sikumuzika, na huyu pia nikose?"

"Nilimwambia tu vile bazee walikuwa banasema," Mama Nyiransaba akajibu kwa sauti ndogo. "Sikujua anasikia vile."

Mama Mwamini ndiye aliyeingia katikati. Hakuwatuliza kwanza. Aliketi kando yangu kwenye lile jiwe, akanyoosha miguu yake iliyovimba, na kukitazama kibidoni kwa heshima, kama vile mtu anavyotazama kitu alichokwisha kusikia habari zake. Akasema kwamba bibi yake wa Kasongo, aliyewafundisha wanawake kumtaja Mungu kwa pumzi, alikuwa akiwasimulia habari za mwanamke mmoja mtakatifu wa zamani sana, katika nchi za Waarabu. Siku moja watu walimkuta anakimbia njiani, mkono mmoja ana ndoo ya maji, mwingine ana moto. Wakamuuliza anakwenda wapi. Akawajibu kwamba anakwenda kuuzima moto wa Jahanamu na kuichoma Pepo, ili watu waache kumwogopa Mungu kwa sababu ya ule na kumtamani kwa sababu ya hii, wampende Yeye tu. "Watu walisema iko mwenda wazimu," Mama Mwamini akasema. "Bibi yangu alisema hapana, ule alimujua Mungu kuliko bote. Na wewe umebeba maji. Usione haya."

Kisha akaniwekea kiganja chake tumboni, hapa chini ya kitovu, na kuniambia jambo ambalo nimeishi nalo. Alisema katika lugha ya Kurani neno la rehema na neno la tumbo la uzazi ni ndugu, yametoka mzizi mmoja. Kila Mwislamu anapoanza kula, kusafiri au kuzika, anamtaja Mungu kwa jina hilo la rehema, mara mbili. "Basi mutu akikufa anarudi wapi? Anarudi mule alitoka. Mule hakuna moto, Kavira. Ni joto tu."

Koko alikuwa bado anahema kwa hasira, lakini alisikiliza. Nadhani lile jina la tumbo lilimgusa, kwa kuwa yule tuliyemzungumzia alitoka tumboni mwake yeye mwenyewe. Akafuta uso wake na kilemba. Akasema, si kwangu hasa, kwamba usiku ule walipomzika binti yake alisali rozari yote na hakuhisi chochote, maneno yalikuwa kama changarawe. Akaendelea kusali hivyo hivyo, siku baada ya siku, bila kuhisi. Na asubuhi moja akitwanga sombe alijua, bila sauti, bila ndoto, kwamba kuna Mama mwingine, Bikira Maria, amemshika binti huyo, na kwamba huyo Mama naye alishika mwanawe akiwa maiti, anajua namna ya kushika. "Sikukuambia," akaniambia, "juu ya aibu. Mutu anazeeka, anasali maisha yote, na Mungu anakuja kumuona kwenye kinu."

Mama Nyiransaba alibaki amesimama. Hakuna aliyemkaribisha kuketi. Nikamuuliza mimi mwenyewe: wewe unasemaje? Akamtazama Koko kwanza. Kisha akasema kwamba kwao, kabla ya mapadri na kabla ya vita, wanawake walipozidiwa hawakwenda kwa mizimu ya milima. Walimwita Nyabingi, bibi mwenye vyote, asiye na mume wala bwana wa kumtuma, anayekuja kwa maskini na kwa wagumba na kwa waliofiwa. Mama yake alimwita alipofiwa na watoto. "Na huu mulima," akasema, akilielekezea lile wingu kidevu chake, "jina lake ni ya mwanamuke. Nyira, kama mimi, Nyiransaba. Kama angekuwa mubaya tu, bangemupa jina ya mwanaume." Mama Mwamini akaangua kicheko, na hata mdomo wa Koko ulitetereka kidogo. "Mwaga maji yako hapa, mutoto. Iko mwanamuke, atafikisha."

Nilimtazama Koko. Koko alitazama barabara, akatazama mbingu, akafunga macho na kufanya ishara ya msalaba. Nilifungua kibidoni na kumwaga. Nilitegemea maji yatatiririka, lakini lile jiwe jeusi liliyanywa yote papo hapo, halikubakiza hata kidimbwi, na kwa muda tulisikia kitu kama pumzi ikishuka ndani ya matundu yake. Koko alianza Salamu Maria kwa Kinande. Mama Mwamini alitaja majina yake ya rehema, kichwa kikiyumba taratibu. Mama Nyiransaba aliiweka mikono wazi mbele yake. Watu waliopita walitutazama na kwenda zao. Mimi nilikuwa na njaa, njaa kubwa na ya furaha, na niliona haya kuisema.

Sitaki kudanganya kwamba tangu siku hiyo ua wetu ukawa paradiso. Koko hakuzungumza na Mama Nyiransaba hadi karibu na Noeli, na mpaka mwisho aliendelea kusema Nyabingi ni shetani, ingawa alimpelekea "mwenye shetani" huyo sahani ya chakula kila sikukuu. Papa alirudi kutoka Bunagana, akaambiwa habari yote, akatoka nje na kukaa ndani ya lori lake mpaka jioni. Barabara ilipofunguliwa alinipeleka Butembo. Niliona kaburi: tuta la udongo mwekundu, msalaba wa mbao, nyasi za kikuyu zilizoanza kuupanda. Nilijilazimisha kulia. Mama hakuwepo pale. Nilikuwa nimeshamwacha mahali pengine, penye upana zaidi.

Miaka imekwenda. Koko alikufa kitandani mwake, na niliishika rozari yake ikiwa bado ina joto la mkono. Mama Mwamini alirudi Maniema kwa mwanawe, akaanza kusahau watu, kisha naye akaenda. Mama Nyiransaba aliamini amani imekuja, akarudi Kalengera kulima. Vita viliporudi nilimtafuta miongoni mwa watu waliokimbilia Mugunga, nikipita hema hadi hema na kulitaja jina lake, na kila hema lilikuwa na Nyira fulani, bibi fulani mwenye mikono kama yake, lakini hakuwa yeye. Kisha hata yale mahema yakaondolewa, na sasa sina pa kuuliza.

Bado naishi Goma. Mji umekua, umeteseka, umejenga tena. Siku hizi habari za kifo huingia katika simu, watu huandika maneno matatu na kuweka picha ya mshumaa. Makanisa ni mengi, vipaza sauti vinaelekeana, na wahubiri wanaieleza mbingu kama uwanja wenye ukuta, geti na mlinzi anayejua majina ya watakaozuiwa. Binti yangu anaogopa geti hilo. Ninapojaribu kumwambia ninayoyajua, sauti yangu hainitii. Wale wanawake walizungumza juu ya wafu kama mtu anavyozungumza juu ya jirani aliyehamia mtaa wa pili. Mimi nimesoma kuliko wao wote watatu na sina hata nusu ya uhakika wao. Nilichorithi ni hamu tu. Jioni nyingine nakaa mlangoni na kuwatamani hadi kifua kinauma, si waje kunijibu, bali wakae tu karibu yangu wakiwa hawakubaliani.

Mwaka huu nimempita mama kwa umri. Nimegundua nikijitazama kwenye kioo: yeye hakufika kwenye mvi hizi za mapema. Kama walisema kweli, kama kuna mahali pa kupokelewa, basi nitafika huko nikiwa mwanamke mzee, naye atakuwa bado yule msichana wa sokoni mwenye kikwembe cha ndege. Huenda asinitambue. Huenda mimi ndiye nitakayelazimika kumfungulia mikono kwanza, na kumwambia njoo, mwanangu.